Hatua Kumi na Tatu Zisizoonekana Kwenye Picha

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba namba 4, siku ya Ijumaa tarehe 20, kuanzia saa nne na nusu asubuhi.
Shahidi: Mama Picha, kama ninavyoitwa na wote. Jina la kitambulisho liko kwenye jalada.
Umri: miaka 53.
Kazi: mpiga picha wa sherehe na picha za vitambulisho.
Makazi: chumba na sebule nyuma ya duka la fundi cherehani, mkabala na duka la dawa.

Afande, salamu. Natumaini umeamka mzima na kile kikohozi cha jana kimekuacha ulale. Mimi sijambo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, isipokuwa magoti. Nakushukuru kwa kuniruhusu niandike kwa mkono wangu, maana nikisema nalia, na nikilia wewe huandiki. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ukikuta kosa la herufi unisamehe, lakini jambo lenyewe nimelipima.

Naandika habari za mtu mnayemshikilia tangu Jumatatu tarehe 16, msafishaji wa chuo cha ushonaji, ambaye pale chuoni tunamwita Kimya. Anatuhumiwa kuiba kompyuta ya karani, na mnamshikilia kwa sababu ya picha moja. Picha hiyo niliipiga mimi. Mimi pia ndiye niliyesema iaminiwe, na leo nimekuja kusema nilikosa.

Nianze na lenzi, maana bila lenzi hutanielewa.

Marehemu mume wangu alinifundisha kazi hii kwa kamera kubwa, zile zenye kioo ndani. Miezi minne iliyopita mabega yalikataa. Nikaiuza, nikanunua hizi za kisasa zisizo na kioo, nyepesi, unaining'iniza shingoni ukasahau kama umevaa kitu. Kuchagua kamera kulikuwa rahisi. Lenzi ndizo zilizoninyima usingizi, kwa kuwa uwezo wangu ulikuwa wa lenzi moja mpya, na muuza kamera alinitolea mbili mezani. Ya kwanza fupi, milimita thelathini na tano. Ya pili ndefu, inaanzia sabini inafika mia mbili. Namba ikizidi kuwa kubwa, lenzi inavuta kutoka mbali zaidi.

Binti yangu mkubwa alikuwa amenisindikiza. Muuza kamera akasema, "Mama, hii fupi inataka miguu. Ukitaka uso wa mtu, umfuate. Hii ndefu wewe kaa tu, uso utakuja wenyewe."

Binti yangu akadakia, "Mpe hiyo ya kukaa. Huyu ngazi tatu anazipanda kama anahesabu dhambi zake."

Nikamwambia, "Nani amekuuliza habari za magoti yangu mbele ya watu?"

"Magoti yenyewe, mama. Yanapiga kelele kuliko wewe."

Muuza kamera akacheka. Kisha akasema neno ambalo naomba lisomwe vizuri. Alisema, "Lakini ujue, mama, ukikaa mbali ukavuta, vitu vinabanana. Aliye nyuma ataonekana kampanda mgongoni aliye mbele. Kwa maharusi inapendeza. Kwa kujua nani alikuwa karibu na nani, usiiamini."

Nikamjibu, "Mwanangu, miaka ishirini na sita napiga picha. Mimi sipimi viwanja." Tukacheka wote watatu, nikachukua ndefu. Kwa hiyo, afande, siwezi kusema sikujua. Niliambiwa.

Marehemu alikuwa na msemo wake kwamba picha ni miguu. Lenzi yake fupi ya zamani ninayo bado, inaingia kwenye kamera mpya kwa pete ya kuunganishia, ila kulenga ni kwa mkono na lazima uwe karibu na unayempiga. Huwa natembea nayo mkobani. Siku ya mahafali sikuitoa.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi, nilifika chuoni saa mbili kamili asubuhi. Wiki hiyo nilikuwa nimeshapiga sherehe mbili, na miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vilinibana. Nilitafuta kiti nyuma kabisa ya ukumbi, kando ya nguzo. Nilijisemea kwamba si adabu kupitapita mbele ya wazazi, na maneno hayo yalikuwa na ukweli kidogo. Ukweli mkubwa ni kwamba nilichoka. Nilitaka kukaa.

Mbele ya ukumbi kulikuwa na meza ya vyeti, na juu yake karani aliweka mkoba wake mweusi wenye kompyuta ya matokeo ya mitihani. Nyuma ya meza ile kuna milango mipana ya kukunja inayotenganisha ukumbi na karakana ya cherehani. Siku hiyo ilikuwa wazi yote kwa sababu ya joto. Ukitazama kutoka kiti changu, unaona meza, halafu unaona moja kwa moja mpaka dirisha la mwisho la karakana.

Saa tano kasoro dakika kumi na tatu, na saa hii ni ya kamera, si ya kukisia, mhitimu wa tisa alipokea cheti. Nilivuta lenzi mpaka mwisho wake, mia mbili, nikamlenga usoni, nikapiga. Baada ya hapo niliendelea na wengine. Sikuona mtu akigusa mkoba. Saa sita na robo karani alipiga kelele kwamba mkoba upo lakini kompyuta haimo. Aliyeichukua mimi simjui.

Jumatatu tarehe 16, saa tatu asubuhi, nilipeleka picha ofisini kwa mkuu wa chuo. Alikuwa akizipitia na karani, mara akasimama kwenye ile ya mhitimu wa tisa. Pembeni mwa msichana unaonekana mkoba, na kwenye mpini wa mkoba kuna mkono wa mwanamume. Mwenye mkono ni Kimya, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama ameinama nyuma ya meza.

Mkuu wa chuo aliniuliza, "Mama Picha, wewe ndiye mtaalamu wetu. Hii haijachezewa?"

Nikasema, "Mimi sichezei picha, mkuu. Picha haina mdomo wa kumsingizia mtu."

Karani akasema, "Maneno hayo! Ndiyo maana kila mwaka tunamwita yeye."

Nilijisikia mtu, afande. Kilemba cha ukoka kilinikaa sawasawa, wala sikukivua.

Kimya aliitwa, akaja na ndoo yake. Aliulizwa alikuwa wapi. Akasema, "Dirishani, napangusa." Mkuu wa chuo akamgeuzia kompyuta yake ya mezani, akamuuliza, "Na mkono huu ni wa nani?" Kimya akautazama muda mrefu. Akasema, "Ni wangu."

Askari walipokuja waliandika kwamba amekiri. Lakini mkono ulikuwa wake kweli. Angesemaje si wake? Kabla hajatolewa nje alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie maneno. Nami niliinama nikaanza kufunga zipu ya mkoba wangu.

Jumanne nilifanya kazi kama kawaida. Nilikwenda ibada ya jioni, nikakaa mwisho, sikuweza kuomba neno lolote likafika.

Jumatano tarehe 18, saa kumi na moja jioni, alikuja mke wa Kimya nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kwa shari, nikajikaza kisabuni. Akakataa kiti.

Akasema, "Dada, sikuja kugombana. Nataka kuiona hiyo picha. Watu wote wameiona isipokuwa mimi ninayelala naye."

Nikamfungulia. Akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Huyu ni mume wangu?"

"Ndiye, dada."

"Mbona mfupi?"

Nikamwambia ameinama.

Akasema, "Mume wangu mimi namjua akiinama. Akiinama mgongo unatoka kama nundu, kwa urefu ule. Hapa amesimama wima, shingo imenyooka. Mtu anayeinamia mlango wa nyumba yake, hapa amelingana na huyo msichana. Mmemkata miguu?"

Niliikuza picha kwenye kompyuta mpaka mkono ule ukajaa kioo chote. Sikuwa nimefanya hivyo hata mara moja, afande. Msichana niliyemlenga ametoka safi, kope zake unazihesabu. Mkoba ulio hatua moja kutoka kwake karibu uwe safi vilevile, hata zipu inaonekana. Lakini mkono una ukungu. Vidole vimeyeyuka. Sasa, kama mkono umeshika mkoba, mkono na mkoba vingekuwa na ukungu sawa, maana viko mahali pamoja. Ukungu wa namna ile ni wa kitu kilicho nyuma sana. Na kidoleni kuna weupe ambao mkuu wa chuo alidhani ni karatasi. Ni kitambaa cha kupangusia.

Nilimwambia mke wa Kimya, "Dada, mumeo yuko dirishani."

Akasema, "Yeye si alisema?" Akakaa chini, kwenye mkeka, akafunika uso kwa khanga. Nikakaa naye. Tulikaa hivyo mpaka adhana na kengele za mtaa zote zikaisha.

Alhamisi tarehe 19, saa moja asubuhi, nilimwomba mlinzi wa chuo anifungulie ukumbi. Nilitembea kutoka kiti changu mpaka meza ya vyeti, hatua thelathini na mbili. Kutoka meza mpaka dirisha la mwisho la karakana, hatua kumi na tatu. Nilizihesabu mara tatu, za tatu kwa kushika ukuta. Hatua hizo kumi na tatu ndizo ambazo picha yangu imezimeza.

Leo asubuhi ulinijibu kwamba maneno ni maneno, nikuonyeshe. Nilikuomba chupa ya chai ya kituo, nikaiweka juu ya kiti katikati ya korido. Nilimwomba koplo asimame mwisho kabisa, kwenye mlango wa stoo, anyooshe mkono hewani. Nikarudi mimi mpaka lango la nje, nikapiga kwa lenzi ndefu. Uliona mwenyewe. Koplo ameshika chupa ya chai, anaonekana anaondoka nayo. Askari wa zamu akasema, "Koplo, kumbe ndiwe! Kila siku tunamsingizia mama wa usafi!" Mkacheka mpaka ukakohoa.

Kisha nikaitoa lenzi ya marehemu, nikaifunga kwa ile pete, nikaisogelea chupa mpaka ikawa na ukubwa uleule kwenye kioo cha kamera, nikapiga. Safari hii koplo yuko mbali kule, mdogo kama mwanasesere, mkono wake haugusi chochote. Chupa ni ileile na koplo ni yuleyule, hakusogea. Aliyesogea ni mimi. Sitaki uandike kwamba lenzi ilikosea, afande. Lenzi ndefu haikufanya kosa. Inakupa ruhusa ya kukaa mbali, basi. Kukaa nilikaa mwenyewe.

Wakati tunarudi chumbani tulipita mahabusu. Kimya alikuwa amesimama kwenye nondo. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikuwa nyuma sana." Akasema, "Nilikuona, Mama Picha. Nilijua miguu inauma." Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu ni kweli aliyasema, si kwa sababu yananisaidia.

Mke wake aliniambia jana kwamba chuo kimeweka mtu mwingine wa kufagia kwa muda, na kwamba Kimya asiporudi kazini kufikia Jumatatu, huo muda utakuwa wa moja kwa moja. Watoto wao wawili wanasoma palepale bila ada kwa sababu baba yao ni mfanyakazi. Kwa hiyo si yeye peke yake aliyesimamishwa kwenye nondo zile.

Nakabidhi picha nne: ile ya mahafali, ile ya mkono nilioukuza, na mbili za korido. Nakabidhi pia kadi ya kamera yenyewe, mkague saa na urefu wa lenzi, kwa kuwa kamera huandika yote hayo bila kuulizwa. Nikiitwa mbele ya hakimu nitakuja. Nikitakiwa kuyasema haya ofisini kwa mkuu wa chuo, mbele ya karani, nitayasema, na aniambie atakavyo.

Niliyoyajua nimeyaandika yote, na niliyokosea nimeyaandika bila kulazimishwa na mtu, nikijua kwamba ushahidi wa uongo hata ukitolewa kwa uchovu bado ni dhambi. Nakuombea afya, afande. Tafadhali nijibu mapema.

Sahihi: Mama Picha
Saa saba na dakika tano mchana

MAELEZO YA AFISA MPOKEZI
Maelezo haya yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi, ametia sahihi. Nimepokea picha nne na kadi moja ya kamera.

Saa nane mchana nilifika chuoni na koplo, tukapima kwa futi kamba. Kutoka meza ya vyeti mpaka dirisha la mwisho la karakana ni mita tisa na nusu. Dirisha hilo limepanguswa nusu. Nusu ya pili ina vumbi.

Kwa maoni yangu picha haiwezi kusimama peke yake dhidi ya mtuhumiwa, na hakuna ushahidi mwingine. Jalada nimelipeleka kwa mkuu wa kituo pamoja na ombi la kumwachia. Mkuu wa kituo yuko kwenye kikao na hajarudi.

Saa kumi na moja jioni nilimweleza shahidi aende nyumbani akapumzike, na kwamba jibu huenda likatoka kesho. Bado amekaa kwenye benchi la mapokezi, pamoja na mke wa mtuhumiwa. Amejibu kwamba kesho pia yupo.