Kidonge Chini ya Ulimi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka Kericho, ambako ukungu unalala mpaka jua likiwa juu, na chai inatulia kama ziwa letu siku isiyo na upepo.

Asubuhi tunapanga laini, naye dresa, mgawa dawa wa shamba, anatutilia kidonge cha kwinini mdomoni. Dawa hiyo inatoka ng'ambo na ni ghali, kwa hivyo wanapewa wachumaji tu, maana mwenye homa hachumi. Sisi tumepona kweli. Wanaotetemeka sasa ni watoto kambini. Ukishameza, lazima utaje jina lako kwa sauti, ndio ajue hukuficha kitu chini ya ulimi.

Leo mbele yangu alikuwa Mama Cherono. Alipoulizwa jina, machozi yakimlengalenga kwa ule uchungu wa dawa, alisema kwa ulimi mzito, "Cherono."

"Hilo ni la mtoto wako."

"Ndiye mgonjwa."

Dresa aliutazama ukungu kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha akamwekea kidonge kingine kiganjani. "Hicho cha mdomoni meza," akasema polepole. "Hiki mimi sijakitoa."

Mama, Otieno, aliyefika juzi kutoka huko nyumbani, ameniambia homa imekurudia. Keshokutwa anarudi huko, ndiye atakuletea kadi hii. Jifunike vizuri, unywe uji ukiwa moto.

Kesho nikiulizwa jina, nitataja lako.

Mwanao,
Odhiambo