Bosiljka Aliyeitwa Ana

Chini ya mlima Kozara, 9 Septemba 1945

Kwako Bi Ljerka,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ingawa nyumba yetu ilichomwa na mume wangu hayupo tena. Naitwa Stoja. Kiangazi cha 1942 Waustasha, wale askari wa Kroatia waliomfuata Hitler, walitukusanya kijiji kizima kwa kuwa sisi ni Waserbia, wakatupeleka kambi ya Gradiška. Huko walimpokonya binti yangu Bosiljka mikononi mwangu, akiwa na miaka miwili. Mimi wakanipakia treni, kwenda kutumikishwa Ujerumani. Watu wa Msalaba Mwekundu wanasema ulimtoa mtoto kama huyo kati ya watoto wa kambini waliokuwa wakifa pale Zagreb, ukamlea. Je, ni yeye? Niambie tu kama anakula.

Mama yake

14 Januari 1946

Bi Ljerka,

Hujambo? Baridi ya huko ikoje? Huku theluji imefika madirishani, yaani pale palipokuwa na madirisha. Labda barua yangu ilipotea. Usiogope kujibu. Hata viatu vya kuja navyo sina.

Mama Bosiljka

Zagreb, 2 Machi 1946

Bi Stoja,

Salamu. Sisi hatujambo. Barua zako zilifika, zote mbili. Tangu ile ya kwanza naomba mtoto wako awe mwingine, ndiyo maana kalamu ilinishinda. Alipokuja hakuwa na jina wala nywele, tukamwita Ana. Alilia wiki nzima akiita, "Rumenka, Rumenka." Nilidhani ndiye mama yake, na uliposema unaitwa Stoja nilifurahi, Mungu anisamehe. Rumenka ni nani?

Ljerka, mama yake Ana

11 Machi 1946

Dada Ljerka,

Poleni na baridi. Rumenka alikuwa ng'ombe wetu. Bosiljka alikunywa maziwa yake yangali na joto.

Nakuja Pasaka. Viatu nimeazima.

Stoja

24 Juni 1946

Dada yangu Ljerka,

Hujambo? Umepata usingizi tangu uniachie mtoto, tukaondoka? Sisi twaendelea. Tunalala bandani, paa tumeezeka matawi. Anakula kabichi akikunja uso, na kila siku ananiuliza ngazi za nyumba yenu ziko wapi. Ananiita shangazi. Watoto wa jirani wanamtania, "Bibi wa mjini huyo." Naye huwajibu, "Nyie mnanuka moshi." Sikumkanya, tunanuka kweli.

Jumanne mchana alishikwa na homa. Nilikuwa shambani nikamsikia anaita, "Mama." Nikatupa jembe, nikakimbia. Akanitazama sana.

"Si wewe," akasema.

Kisha akanishika kidole, asikiachie mpaka homa iliposhuka.

Sijui kama hayo ni mengi au ni machache. Wewe unamjua kuliko mimi, njoo uniambie. Uje plamu zikiiva. Kitanda ni kimoja, tutalala wote watatu.

Nduguyo,
Stoja