Oda Zilizompotea Solange

Gikondo, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Umeacha kuusugua mafuta ya taa, au bado unabishana na daktari? Mimi mwanao ni mzima, na kabla hujauliza: ndiyo, nimenunua sweta, maana baridi ya vilima hivi haina adabu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniuliza nimekula nini, na tukimaliza hilo salio nalo limekwisha. Shangazi atakusomea. Asiruke sehemu ngumu, nimezilainisha.

Ni hivi. Kazini kwetu tunapeleka mitungi ya oksijeni kwenye zahanati. Wasichana wawili wanapokea simu na kuingiza oda kwenye kompyuta, halafu madereva wanapakia; mimi ndiye ninayeitunza programu ya hizo oda. Solange amekulia Bujumbura, mpole, msafi mpaka anakera. Mwenzake Diane, ah, huyo kwake ni vurugu tupu, meza haionekani kwa vikombe. Sasa oda za Solange zikawa zinapotea, za Diane hazipotei. Zahanati moja ya Rebero ikasubiri mitungi mpaka jioni, na mtoto mchanga yuko kwenye mtungi wa mwisho. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini bosi alichemka.

"Oda iko wapi?"

"Bosi, mi niliitia kwenye mashine, naapa."

"Mashine inachagua watu? Ya Diane mbona iko?"

Akamwambia Ijumaa iwe mwisho wake. Na Solange ndiye anayewalea wadogo zake, wazazi hawapo. Nilimsikia akilia chooni, moyo ukaniuma kweli. Unaujua mdomo wangu, Mama. Nikamwambia bosi mbele ya watu kwamba asimfukuze mtu kabla sijaipekua programu yote. Akasema, "Haya, pekua."

Nikueleze kidogo. Programu ina mfagiaji wake. Kitu kinakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta maadamu kuna sehemu ya programu inayokishikilia. Kikiachwa na wote, mfagiaji anakitupa ili nafasi isijae. Aliyeiandika programu hii, ambaye keshaondoka zamani, alisumbuliwa na mashine kujaa mpaka inaganda, kwa sababu orodha ilishikilia kila oda, hata iliyokwisha kupelekwa. Akatumia dawa tunayoiita rejeo dhaifu: orodha inajua oda ilipo, lakini haiishikilii. Ni kama wewe unavyojua kuku wa jirani analala wapi. Jirani akimchinja, huna la kusema. Mashine ikaacha kuganda, wote wakafurahi. Hakuna aliyejiuliza oda inayosubiri dereva sasa inashikiliwa na nani.

Inashikiliwa na dirisha lililo wazi kwenye skrini, basi! Diane hafungi madirisha, uvivu wake tu, na oda zake zinaishi. Solange akimaliza simu anafunga, kama alivyofundishwa, na oda inabaki haina mwenyewe. Mara mfagiaji anachelewa, dereva anaiwahi, mara haiwahi. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nilicheka peke yangu, kisha nikapandwa na hasira. Kumbe mtoto wa watu anaadhibiwa kwa usafi wake!

Nikamwita bosi. Nikaingiza oda ya kujaribia, nikafunga dirisha, nikamwamuru mfagiaji apite. Orodha ikawa tupu. Nikarudia, vilevile. Bosi akavua miwani, akamwomba Solange radhi mbele yetu sote, kwa heshima kabisa. Mimi nikarekebisha: sasa orodha inashikilia oda kweli mpaka mitungi ipakiwe, ndipo inaiachia.

Lakini bosi hakuondoka mezani kwangu. Akauliza ugonjwa huu ulianza lini. Nikamwambia, tangu ile dawa iwekwe, kabla mimi na Solange hatujaajiriwa. Akasema polepole, "Basi na Béatrice."

Béatrice ndiye aliyekuwa akipokea simu kabla ya Solange. Alifukuzwa kwa kosa hilohilo, wakamwita mzembe. Siku ileile bosi akaniomba tufuatane Remera, anakokaa, nimweleze mimi, maana yeye alisema hajui aanzie wapi. Tulimkuta anaanika nguo. Alipomwona bosi, hakutusalimia. Aliuliza tu, "Mliipata ile oda?"

Mama, nililia mimi, akanibembeleza yeye. Bosi amemwomba arudi kazini. Mpaka leo hajajibu, na simlaumu.

Mpe pole Shangazi kwa kusoma yote haya, najua naye anafuta machozi. Baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, mwambie nimemkumbuka kwa utani wake, na dada yangu mkubwa ambusu mtoto kwa niaba yangu. Wewe kaa salama, Mama, na uache mafuta ya taa.

Ni mimi mwanao mwenye mdomo,
Editha