Mwanangu Salome, Ule Ugonjwa Ulionipa Miaka

Mwanangu Salome,

Naandika nikiwa hapa nyumbani Ihanja, nimekaa mkekani nje, alizeti za baba yako zimeanikwa mbele yangu na kuku hawaniachi nitulie. Nimekupigia simu mara nyingi kwa ajili ya jambo hili, na kila nikilikaribia unaniwahi: "Yameisha, mama." Kwenye karatasi huwezi kuniwahi.

Kile kikohozi unakikumbuka. Kilinianza miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba ilipojaa mnadani na kila mtu akawa mfanyabiashara. Nikakohoa masika, nikakohoa kiangazi, mwisho ikaja damu. Zahanati walinichoma sindano za kifua kikuu mpaka nikawa nakaa upande. Makohozi yalipimwa tena na tena, wadudu hawakuonekana. Kanisani watu wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi kati yao na mimi. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulipokuja likizo ulikaa palepale walipopaacha, bega lako kwenye bega langu, ukaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Ulikuwa nami pia hospitali ya misheni, siku daktari alipoiweka picha ya kifua changu kwenye taa. Alituonyesha doa jeupe la mviringo karibu na mrija mkubwa wa hewa.

"Picha inaniambia kitu kipo," alisema. "Haiwezi kuniambia ni kitu gani."

Wewe ndiye uliyeuliza, "Sasa nini kinaweza?"

Akakueleza kama anamweleza mtu mzima: kinyofolewe kipande cha nyama ile, kikatwe chembamba kuliko karatasi, kipakwe rangi, mtaalamu akiangalie kwa darubini. Kazi hiyo inafanyika Dar es Salaam. Njia nzima ya kurudi ulinisimulia jinsi mlivyoangalia ngozi ya kitunguu kwa darubini shuleni, vyumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali. "Mama, iko siku nitaisoma mimi hiyo nyama ya watu," ulisema. Nikacheka, nikakohoa.

Dar nilikwenda na baba yako, tukapanda treni Manyoni. Waliniingiza mpira wenye taa mpaka ndani ya pafu wakanyofoa walichotaka. Tukasubiri kwa shemeji yangu Buguruni. Majibu yalipotoka, daktari alimwita baba yako pembeni, lakini nilimwona mabega yakishuka. Saratani ya mapafu, aina ile inayokimbia. Kupasua hakusaidii. Hakutaja miezi. Alisema tu turudi nyumbani tusikawie.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, Salome.

Posa ya Daudi ilikuwa imekuja mwaka uliotangulia. Kijana mwenye shimo lake la dhahabu Sekenke, ana adabu, ana watu wanaomfanyia kazi. Nilikuwa nimewajibu wazee wake kwamba binti anasoma, warudi akimaliza kidato cha nne. Nilipotoka Dar niliwatumia ujumbe mimi mwenyewe. Baba yako aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia nataka kumwacha binti yangu mikononi mwa mtu kabla sijafumba macho.

Wewe ulikuwa unanikanda miguu nilipokuambia. Mikono yako ilisimama.

"Na shule, mama?"

"Shule haitanizika, Salome."

Kisha ukaanza tena kukanda. "Sawa, mama."

Harusi walinibeba kwenye kiti. Kila mtu alilia kwa ajili yangu. Mimi nilikutazama wewe na gauni la kuazima, umenyooka kama mti, nikajiambia kwamba unafurahi. Nilitaka sana iwe hivyo.

Nikarudi ndani kungoja kufa. Nikangoja. Mavuno yakapita. Nikaanza kwenda mwenyewe kuchuma mlenda, nikanenepa. Baba yako aliogopa hata kulisema, kama vile likisemwa litaharibika. Mwishowe alinirudisha kwa daktari yule wa misheni, akanipiga picha mpya, akaipachika kwenye taa kando ya ile ya zamani. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Doa halijakua," alisema. "Saratani waliyoiandika ingekuwa imelijaza pafu hili lote. Picha na karatasi havikubaliani."

Akaandika Dar. Kumbe ile nyama yangu waliihifadhi kwenye nta. Wakaikata upya, wakaipaka rangi nyingine, wakamwita mtaalamu mwingine aiangalie. Majibu yalipofika alitueleza polepole. Ni saratani, ndiyo, lakini ni ya aina adimu, inayotambaa. Chembe zake zinafanana na za ile mbaya, na kipande cha kwanza kilibanwa sana wakati wa kukinyofoa, zikasagika, zikadanganya macho. Nyama ilikuwa ileile. Hii inakatwa, inatoka.

Baba yako alipiga kigelegele kama mwanamke, mbele ya wauguzi. Mimi niliuliza, "Harusi ilikuwa lini?" Daktari akadhani akili imenitoka.

Nilipasuliwa, wakaondoa kipande cha pafu, nikapona. Nikaja Sekenke nikuambie kwa kinywa changu. Ulikuwa na mimba kubwa, unawapikia wachimbaji ugali kwenye sufuria kubwa.

"Shikamoo, mama. Kwa hiyo hufi?"

"Sifi, mwanangu."

Ulinikumbatia mwiko ukiwa bado mkononi. Ulicheka, ukalia, ukacheka. Kisha ukasema unafuata chumvi ndani, ukakaa huko muda mrefu. Ukuta ulikuwa wa matete, Salome. Nilisikia. Ulipotoka ulikuwa umenawa uso, ukanipakulia. Hukunilaumu siku ile wala siku nyingine. Afadhali ungenitukana.

Wapo waliosema ni mapenzi ya Mungu, wapo waliosema wa kulaumiwa ni wa kwanza aliyesoma darubini. Yule alisoma alichokiona. Mimi nilikuwa na binti mzima mbele yangu, anauliza kuhusu shule, na nikamsoma vibaya bila darubini.

Mlipohamia Geita kufuata dhahabu niliona nafuu, naona aibu kuiandika. Kila mwaka wananipiga picha, wananiambia kifua ni safi, na kila mara nabeba habari hiyo nyumbani kama kitu nilichokiokota njiani chenye mwenyewe.

Na mwaka jana ukanipigia. Daudi alikuwa kitandani, mapafu yameisha kwa vumbi la mawe. Alikuwa ameomba binti yenu Neema aolewe, amwone kabla hajaondoka. Neema alikuwa kidato cha tatu.

"Nilimkatalia, mama," ulisema. "Alilia. Nikamkatalia."

Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya sabuni. Tukamzika Daudi bila kuiona harusi ile, na Neema akarudi bwenini siku ya tatu. Ndugu zake Daudi walikuita mwanamke mwenye moyo wa jiwe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye jamvi, na sikukutetea, maana ningeanzia wapi?

Naanzia hapa. Ulifanya vizuri, mwanangu. Ulifanya lile nililopaswa kukufanyia mimi.

Sikuombi msamaha, kwa sababu utanipa haraka, na sitajua ulikuwa na nini ndani yake. Njoo Ihanja tukimaliza kupura. Baba yako nitamtuma kwa dada yake Singida. Njoo na hasira yako yote, usiiache Geita. Tutakaa wawili jikoni, utasema mpaka uchoke, na safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Nakungoja.

Mama yako