Ini la Undugu, Mkange

Mjukuu wangu Zena, miguu yako umeiazimisha? Tangu masika hujanitembelea!

Niko Mkange kwa kaka yangu, jumbe. Leo majumbe watano wamechanjiana undugu kwa ini la mbuzi: chumvi ipite kwao bila hongo, ule ushuru wa njia, lakini mmoja akivamiwa, wote watoe vijana. Kaka alipotia ini mdomoni nikauliza, “Na mmoja akipata njaa?”

Mtani wetu Mzigua akacheka: “Bibi, mwache jumbe atafune!”

Kaka akalitema kiganjani. “Dada kasema kweli. Njaa nayo iingie kwenye kiapo kabla sijameza.”

Majumbe wenzake wakanong’ona, wakakubali. Akameza.

Nakupenda, mvivu wewe. Ukinifuata huku, beba chumvi, hongo usibebe. Wakikuzuia njiani niite, nije nimtapishe kaka ini lao.

Bibi yako