Fungu la Mwisho la Mama Akai

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kulmiye wa bucha ameniletea mifupa ya ngamia. Misafi, haina harufu hata kidogo! Nimekata, nimetoboa, nimepiga msasa mpaka vidole vikauma. Rozari hii si ya kuuza. Ni ya Velma wangu — Jumapili anaenda kuanza utawa. Mama Akai, mama mkwe, amesema mafundo atafunga yeye. Macho yamemwishia, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Nimemwachia. Ni yeye aliyenifundisha kazi hii, nilipoolewa hapa bila kujua hata kushika sindano.

Jumatano, 5 Juni

Mama hahesabu. Anapima kwa kidole cha kati: shanga zikijaza kidole, fungu limetosha. Kwao watoto na mbuzi hawahesabiwi, na kila shanga kwake ni mtu. Anataja jina, anavuta fundo. Nikamtania, Mama, mapadre wanataka kumi! Akacheka tu. Na hajawahi kukosea, maana shanga zangu zote ni saizi moja.

Leo za mfupa ziliisha kabla ya fungu la tano, la mwisho. Akafungua mkufu mmoja shingoni, akatoa shanga nyekundu. Alizovaa tangu aolewe! Nilienda kulia jikoni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekagua. Kumi, kumi, kumi, kumi — kumi na moja! Hizo nyekundu ni ndogo kuliko za mfupa, ndiyo maana kidole kimemdanganya. Jamani! Rozari yenye kasoro haijawahi kutoka nyumba hii. Nikiona fundo legevu nakata bila huruma. Lakini nikikata hapa fungu lote linafunguka, na yeye hawezi kulifunga tena.

Nilishika mkasi. Kwanza nikamuuliza, kama mchezo tu, kwenye nyekundu alitaja nani. Akasema marehemu mzee, ndugu zake, wajukuu.

"Halafu kidole kikabaki na nafasi kidogo, Mama Velma. Nikakuweka wewe."

Mkasi nimeurudisha kikapuni. Nampenda huyu mama, na atanitia wazimu.

Jumamosi, 8 Juni

Velma ameibusu rozari, ameizungusha mkononi. Nzuri sana! Ile ya kumi na moja sijaitaja. Mama akataka wasali pamoja kabla mtoto hajaondoka kesho. Mimi nimekimbilia jikoni, eti naangalia chai. Naandika nimesimama.

Wako fungu la tano. Sauti ya Mama iko chini, ya Velma iko juu, wanapokezana vizuri. Nitaona upweke nyumba hii ikibaki na sauti moja.

Sala imekatika.

Velma anamwambia bibi yake, "Shosho, hapa kuna moja imezidi. Ngoja mathe akuje aitoe."

Mama naye ananiita, tena kwa wasiwasi kabisa:

"Mama Velma! Njoo. Mtoto anasema kuna mtu amezidi. Ni nani?"