Pampu ya Kijani

Char Bokul, 10 Mei 2003

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Baba hajambo? Wadogo zangu je? Sisi huku tunashukuru, mimba ina miezi minne na Kamrul ananitunza vizuri. Ila miguu, mama. Siafu wanatembea ndani ya nyayo, chini ya ngozi, na nikitazama hakuna kitu. Jioni nyayo zinawaka moto, siwezi hata kufunikwa shuka. Mama mkwe ananipaka mafuta ya haradali huku ananicheka: "Mimba ya kwanza hiyo, bibi harusi. Yangu ilinilisha udongo." Basi naenda pampuni, najimwagia maji, nakunywa na mengine, napata nafuu kidogo. Lakini naogopa.

Mwanao, Rehena

Nolbari, 24 Mei

Mwanangu Rehena,

Waaleikum salaam. Baba yako ana kikohozi chake kilekile, wengine wazima. Barua yako imeninyima usingizi. Jirani yetu Moyna alianza hivyohivyo, na yeye mjane, hana mimba yoyote. Wapima visima walipokuja wakaipaka pampu yake rangi nyekundu: maji yana sumu, haina ladha wala harufu. Pampu yenu ina rangi gani? Nijibu upesi.

Mama yako

Char Bokul, 9 Juni

Mama,

Salamu nyingi. Nilicheka kwanza, maana pampu yetu ni ya kijani, ya maji salama. Mshenga mwenyewe aliisifia kwenu. Halafu nikaenda kuiparua kwa ukucha. Chini ni nyekundu.

Mama mkwe hakukana. "Ulitaka tufanyeje? Nyumba yenye pampu nyekundu, nani angetuoza binti yake? Tuliipaka rangi mkiwa njiani kuja kutuona. Na sisi tunakunywa, mbona hatujafa?"

Kamrul alijua. Mama, nimekunywa tangu harusi, na mtoto anakunywa humohumo tumboni. Sasa nachota maji msikitini.

Mwanao, Rehena

Nolbari, 1 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu kwa machozi. Maji hayo usiyanywe, usiyapikie, hata tone. Kaka yako Selim atakuja kukuchukua. Mafuriko yamekata njia, anangoja yapungue. Jipe moyo. Moyna alipobadili maji alianza kupata ahueni. Siafu wakipungua niandikie, nami nifurahi.

Mama yako

Char Bokul, 2 Agosti

Mama,

Natumai mko salama na maji hayajaingia ndani. Mtoto anacheza tumboni, alhamdulillahi.

Siafu wameondoka. Juzi niliamka miguu imetulia kabisa, hakuna moto, hakuna kutambaa. Nilisujudu nikalia kwa furaha, nikasema leo namwandikia mama.

Kwanza nikaingia jikoni kupika wali. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikamwuliza mama mkwe, "Unachoma nini?" Akanitazama miguuni, akapiga yowe. Nilikuwa nimesimama juu ya kaa la moto, mama. Sijui kwa muda gani. Alinivuta yeye, akakaa chini akaniosha unyayo huku analia, na maji yale nayo sikuyasikia, baridi au moto.

Leo nimejifinya mpaka damu. Mguu upo, nauona, lakini si wangu. Na tangu asubuhi ncha za vidole vya mikono zimeanza kuwasha.

Mwambie Selim asingoje mafuriko yapungue.

Mwanao, Rehena